Simu Imejaa, Nani Ameijaza?

Maswali ya wasomaji kuhusu simu janja na mitandao ya kijamii

Barua zilizofika kwenye safu hii mwezi huu, nyingi zikitoka mkoani Kigoma ninakoishi, zina lalamiko linalofanana: simu imejaa, na mwenyewe hajui imejazwa na nini. Nimechagua tano. Mimi ni mpenzi wa simu janja tangu zile za hifadhi ya GB 4, ambayo sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuliwa kabla hujapiga picha hata moja, na kwa miaka yote hiyo jambo moja limezidi kunidhihirikia. Simu zetu hazijazwi na kazi zetu wala na kumbukumbu za familia zetu. Zinajazwa na mazungumzo ya watu wengi, ambayo mitandao ya kijamii imeamua yatunzwe kwenye simu ya kila mmoja wetu, na anayeumia zaidi ni mwenye simu ndogo. Msomaji ataona kwamba majibu yangu mengi yanarudi hapo.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Simu yangu ni ya GB 32 na nina programu chache tu, WhatsApp, Facebook na ile ya kikokotoo. Kila asubuhi inaniandikia kwamba nafasi imekwisha. Wiki iliyopita mteja wangu wa Dar es Salaam alinitumia picha ya risiti ya benki, ikakataa kufunguka, na mzigo ukachelewa kupakiwa. Nimefuta picha nyingi lakini nafasi hairudi. Fundi ananiambia ninunue simu mpya. Nifanyeje? (Mama wa dagaa, Kibirizi)

JIBU: Dada yangu, usinunue simu mpya kwa sababu hiyo. Hata ukinunua ya GB 64 leo, kwa namna simu yako inavyotumika utaniandikia barua hiihii baada ya miezi kadhaa.

Tuanze na hiyo GB 32 iliyoandikwa kwenye boksi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini baadhi ya simu na kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 1,024, na kwa hesabu hiyo gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Ndiyo maana GB 32 za boksi huonekana kama GB 29.8 ndani ya simu za namna hiyo. Hapo hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti vyenye jina moja. Halafu mfumo wa Android wenyewe, pamoja na programu zilizokuja na simu, nao unahitaji mahali pa kukaa, na katika simu nyingi za siku hizi unachukua GB 10 au zaidi. Ukijumlisha na programu ulizoweka mwenyewe, simu uliyoinunua kama ya GB 32 ilikuwa na kama GB 15 tu za kwako tangu siku ulipoitoa dukani.

Sasa nani amezila hizo 15? WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, imejengwa kama mpeleka barua asiye na ghala. Ujumbe unapita kwenye seva zake, na ukishafika kwa mlengwa unafutwa huko. Usipofika, unasubiri siku 30 tu. Jambo hili lina uzuri wake, hasa tangu Aprili 2016, mazungumzo yote yalipoanza kufungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Lakini tokeo lake ni kwamba ghala ni simu yako. Video ya MB 16 ikitumwa kwenye kundi la watu 200 na wote wakaipakua, imechukua MB 3,200 kwa jumla, yaani zaidi ya GB 3, kwa kitu kimoja ambacho huenda wengi hawakukitazama hadi mwisho. Chukua kundi moja linalotuma video kumi za ukubwa huo kila siku: ni MB 160 kwa siku, na kwa siku 30 ni MB 4,800. Miezi mitatu na siku chache zinatosha kuzimaliza GB 15 zako zote, hata kama hujapiga picha ya fungu moja la dagaa.

Jambo hili linaniuma, na nalisema wazi. Mwenye simu ya GB 256 halioni kabisa. Video zinamwagika kwake kama maji ziwani. Anayekosa risiti ya benki asubuhi, wakati gari la mizigo linasubiri, ni wewe. Walioibuni WhatsApp hawakukosea kulinda siri zetu, lakini walipaswa tangu mwanzo kuiacha simu isipakue chochote mpaka mwenyewe akiguse. Badala yake, simu ikitoka dukani inapakua picha zote hata kwa bando, na ikiunganishwa na Wi-Fi inapakua na video.

Kuhusu picha ulizofuta na nafasi isirudi, zipo sababu tatu na huenda zote zinakuhusu. Picha iliyofutwa kwenye programu ya picha haiondoki papo hapo, bali inakwenda kwenye pipa la taka, ambako kwa kawaida hukaa siku 30, na siku zote hizo inaendelea kula nafasi. Ni lazima ulifungue pipa hilo na kulimwaga. Pili, WhatsApp hutunza nakala ya vile ulivyotuma wewe mwenyewe katika folda inayoitwa "Sent", kwa hiyo picha ya dagaa uliyoipiga kwa kamera na kumtumia mteja huenda ipo mara mbili. Tatu, ipo folda nyingine iitwayo "Databases" inayohifadhi nakala za mazungumzo yako za siku saba zilizopita, na mwenye mazungumzo marefu hujikuta na nakala kubwa. Wapo pia wanaodhani kwamba kuzuia picha za WhatsApp zisionekane kwenye albamu ya simu kunapunguza mzigo. Hakupunguzi, picha zimefichwa tu, zipo palepale.

Usisubiri simu ijae pomoni ndipo uisafishe. Kumbukumbu iliyomo ndani yake, ya aina iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba nchini Japani miaka ya 1980, haiwezi kuandika kitu kipya juu ya cha zamani moja kwa moja. Huandika kipande kidogo kidogo, lakini hufuta fungu zima lenye vipande vingi kwa mkupuo, na ili ifute fungu inalazimika kwanza kuvihamisha vipande ambavyo bado vinahitajika na kuvipeleka mahali palipo wazi. Wewe kazi hii unaijua kuliko mimi. Kichanja kikijaa dagaa kutoka ukingo hadi ukingo, huwezi kuwatenga waliokauka na wabichi bila kuwa na upande mtupu wa kuwahamishia, na wingu likitanda upande wa ziwa ndipo unapohangaika zaidi. Simu iliyobakiwa na MB 200 inahangaika hivyohivyo: inakuwa nzito, inakwama, na inachelewa hata kupokea simu ya kawaida. Mimi huacha wazi sehemu moja ya kumi, na kwa simu yako hiyo ni kama GB 3.

Jumamosi iliyopita nilikaa barazani na jirani yangu anayeuza migebuka, tukaifungua simu yake pamoja. Ndani ya WhatsApp tulikwenda kwenye mipangilio, tukaingia sehemu ya hifadhi na data, kisha sehemu ya kudhibiti hifadhi, ambayo tangu Novemba 2020 huonyesha peke yake vitu vilivyozidi MB 5, vilivyosambazwa mara nyingi, na kila mazungumzo yamechukua kiasi gani. Aliyeongoza lilikuwa kundi la kamati ya harusi iliyofanyika mwaka juzi, GB 3.7, na maharusi wenyewe sasa wana mtoto anayetembea. Chini yake kundi la ukoo, chini yake la vikoba. Video moja ya lori lililopinduka aliikuta katika makundi manne tofauti. Picha za "asubuhi njema" zenye maua na vikombe vya chai hatukuzihesabu zote. Tulichofanya ni hiki: kwanza tulizitoa risiti zake na picha za watoto wake, tukaziweka katika folda yake mwenyewe nje ya WhatsApp na kuhakikisha zinafunguka, baada ya hapo tukachagua video zote katika kundi la harusi na kuzifuta, tukakubali pale simu ilipouliza kama ifute na faili zenyewe, tukamwaga pipa la taka, mwisho tukazima upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na nyaraka, kwa bando na kwa Wi-Fi. Zilirudi GB 9 kabla chai haijapoa.

Tangu siku hiyo kila picha inayomfikia ni kivuli chenye ukungu mpaka aiguse mwenyewe. Hilo ndilo nataka na wewe ulifanye. Risiti ya mteja utaigusa, itafunguka. Video ya lori utaiacha huko ilikotoka, na bando lako litadumu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na msimamizi wa kundi la WhatsApp la wazazi wapatao 180. Wazazi wanajitoa mmoja mmoja wakisema simu zao zimejaa. Mwalimu mwenzangu anashauri tuhamie Telegram kwa kuwa haijazi simu. Je, ni kweli, na unatushauri nini? (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Mwalimu, mwenzako amesema kweli kwa sehemu kubwa, lakini ushauri wake una gharama ambazo wazazi wanapaswa kuzijua kabla ya kuhama.

Telegram, iliyoanzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili, Pavel na Nikolai Durov, ina ghala lake yenyewe. Mazungumzo ya kawaida yanakaa kwenye seva zake, na simu inabaki na nakala za muda tu, ambazo unaweza kuiagiza izifute zenyewe baada ya siku chache, wiki moja au mwezi. Mzazi akiitaka picha ya zamani, inapakuliwa upya. Hapo gharama ya kwanza ni bando, kwa sababu kinachofutwa na kuhitajika tena kinalipiwa mara mbili. Gharama ya pili ni faragha: kwa kuwa mazungumzo ya kawaida ya Telegram, yakiwamo ya makundi, yanatunzwa huko, hayajafungwa kati ya simu na simu kama yalivyo ya WhatsApp. Kundi la wazazi hubeba majina ya watoto, matokeo yao, na wakati mwingine habari za ugonjwa au za ada ambayo haijalipwa. Mimi nisingependa habari hizo zikae kwenye ghala la mtu nisiyemjua. Gharama ya tatu ni kwamba bibi anayemlea mjukuu wake kijijini amekwishajifunza WhatsApp kwa taabu, ukihama, utamwacha.

Kwa hiyo nashauri mbaki mlipo, ila mbadilishe namna mnavyotuma, na hapa wewe kama msimamizi una nguvu kubwa kuliko unavyodhani. Nimeona katika makundi mengi ya shule tangazo linaandikwa kwa mkono, linapigwa picha na kutumwa. Maandishi ya herufi 1,000 ni kama KB 1. Karatasi hiyohiyo ikipigwa picha inaweza kufika KB 200 au zaidi, na bado mwenye macho dhaifu hataisoma. Liandike tangazo kwa vidole vyako ndani ya WhatsApp, na tangazo la muhula mzima litakuwa dogo kuliko picha moja ya ubao. Video ya mahafali nayo isitumwe kundini. Atakayeitaka aje nayo flashi shuleni au aifuate kwa mmoja wenu.

Lipo jambo la pili ambalo ni jipya kiasi. Mwaka 2022 WhatsApp ilipandisha ukomo wa kundi kutoka watu 256 hadi 512, na mwaka huohuo ikafika 1,024. Ukubwa wa faili moja nao ulipandishwa kutoka MB 100 hadi GB 2. Watu walishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao, maana mpenzi wa teknolojia hufurahia kila namba inayopanda. Sasa naona kwamba kila ukomo uliopandishwa upande wa mtumaji ulikuwa mzigo ulioongezwa upande wa mpokeaji. Faili moja ya GB 2 ni zaidi ya sehemu ya kumi ya nafasi yote aliyo nayo yule mama wa Kibirizi. Tumia, basi, mamlaka uliyopewa: weka kundi katika hali ambayo wasimamizi pekee ndio wanaotuma, na ufungue kundi la pili la maswali kwa wazazi wanaotaka mjadala. Wanaotaka kuchangamka watachangamka huko, na anayehitaji tu kujua shule inafungwa lini hatabeba mzigo wao.

Unaweza pia kuweka ujumbe ujifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Lakini waeleze wazazi kwamba picha ambazo simu imezipakua yenyewe zinaweza kubaki kwenye albamu hata baada ya ujumbe kutoweka kundini, kwa hiyo upakuaji wa moja kwa moja uzimwe kwanza. Bila hatua hiyo hawataona tofauti.

SWALI: Kaka, nilinunua memori kadi ya GB 512 kwa shilingi 12,000 kutoka kwa muuzaji wa mkononi. Kwa wiki mbili ilifanya kazi vizuri. Sasa picha mpya majina yake yanaonekana lakini hazifunguki, zinakuja za kijivu tupu. Je, zinaweza kurudishwa? Na je, naweza kuihamishia WhatsApp yote kwenye kadi? (Kijana wa Ujiji)

JIBU: Mdogo wangu, pole. Kwa bei hiyo na kwa dalili ulizoeleza, hiyo kadi si ya GB 512. Inawezekana ndani yake kuna GB 8 au 16, na kijisehemu kinachoisimamia kimebadilishwa ili kiiambie simu uongo kuhusu ukubwa wake. Simu haina namna ya kujua, inaamini inachoambiwa. Nafasi ya kweli inapokwisha, kadi inaendelea kupokea na kuitikia kwamba imeandika, huku inatupa kinachokuja au inaandika juu ya vilivyokuwamo. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, nayo iliandikwa wakati nafasi bado ipo au inaendelea kuandikwa palepale. Ndiyo sababu unaona majina bila picha. Zilizowekwa mwanzo, kama hazijaandikiwa juu, zihamishie kwenye kompyuta leo hii. Zilizokuja kijivu sitakudanganya: hazikuwahi kuandikwa, na fundi atakayekuomba fedha azirudishe atakula fedha yako bure.

Siku nyingine, kabla hujaiamini kadi mpya, ipeleke kwenye kompyuta na uijaze yote kwa programu ya kupima kama H2testw au F3, ambazo huandika hadi mwisho kisha husoma zilichoandika. Kadi ya kweli inarudisha kila baiti. Angalia pia simu yako inakubali hadi ukubwa gani, maana kadi za kundi la SDHC huishia GB 32, na zilizo kubwa zaidi, za kundi la SDXC, si kila simu ya zamani inazisoma.

Kuhusu WhatsApp, jibu ni hapana: picha na video zake hukaa kwenye hifadhi ya ndani ya simu, na programu yenyewe haikupi kitufe cha kuzielekeza kwenye kadi. Unachoweza ni kuzihamisha kwa mkono baada ya kuzipokea. Baadhi ya simu, tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, zinakuruhusu kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Njia hiyo inafanya kazi, ila kadi inafungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu hiyo tu. Simu ikifa, kadi haisomeki popote pengine. Kwa kadi ya shilingi 12,000 usithubutu.

SWALI: Je, kutazama status za watu wengi kunajaza simu? (Mwanafunzi, Mwanga)

JIBU: Kidogo, na kwa muda. Status hutoweka baada ya saa 24, na nakala ambazo simu ilizishika ili kukuonyesha nazo husafishwa. Zinazobaki ni zile ambazo wewe mwenyewe umezihifadhi, au zile zinazokusanywa na programu za kupakulia status ambazo vijana wengi wanaziweka. Hizo huzidisha picha bila mpango na sishauri kuwa nazo. Kinachokwenda kwa kasi katika status ni bando lako.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mzee wa hapa Uvinza. Marehemu mume wangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye treni anarudi nyumbani, akiniambia nimwandalie ugali wa muhogo na migebuka. Ni sekunde 41. Simu imejaa na imekuwa nzito, na wajukuu wanataka fundi aifute yote ianze upya. Naogopa ile sauti itapotea. Nifanye nini? (Bibi, Uvinza)

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana kwa kufiwa, na ahsante kwa kuniamini na jambo hili. Simu isiguswe na fundi kwanza. Nakuomba sana.

Nakueleza kwa nini nasisitiza. Mwaka 2016 nilimkabidhi fundi mmoja simu yangu aiwekee mfumo upya. Ilirudi nyepesi na safi, na picha zote za msiba wa babu yangu, ambazo mimi peke yangu ndiye niliyezipiga, hazikuwamo tena. Fundi hakufanya kosa, alifanya nilichomwagiza. Mimi ndiye sikutoa nakala kwanza. Tangu hapo sikubali simu ya mtu ifutwe kabla ya kuuliza ndani yake kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote.

Sauti ya mzee haijaijaza simu yako, mama. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa sekunde 41 haufiki hata KB 200, ni mdogo kuliko picha moja ya maua uliyotumiwa asubuhi. Kinachoilemea simu ni hizo picha na video za makundi. Lakini katika kufuta hizo, mtu anaweza kuifuta na sauti kwa bahati mbaya, kwa hiyo tuitoe kwanza.

Mwambie mjukuu mmoja, yule mtulivu, akae na wewe. Afungue mazungumzo yako na marehemu, aubonyeze ule ujumbe kwa kidole bila kuachia, kisha aguse alama ya nyota. WhatsApp ikiulizwa kufuta mazungumzo, inaweza kuagizwa iviache vyenye nyota. Nyota haitoshi peke yake, kwa hiyo autume ujumbe huo kwa njia ya kushiriki hadi kwenye barua pepe yake, ambako utakaa pamoja na tarehe. Kisha aingie kwenye folda za simu, ndani ya WhatsApp, atafute folda iitwayo "WhatsApp Voice Notes". Atakuta vifolda vilivyopewa namba za mwaka na wiki. Faili za sauti huanza kwa herufi PTT, zikifuatwa na tarehe, na huishia na neno opus; kwa tarehe ya safari ile ataitambua. Aikopi kwenye memori kadi iliyopimwa na kwenye kompyuta ya mtu mnayemwamini, na simu za watoto wako wawili wanaokaa miji tofauti nazo ziwe nayo. Asibadilishe jina la mwisho la faili, ila mwanzoni anaweza kuongeza jina la babu yake.

Kama mna akaunti ya Google, ipo pia nakala rudufu ya WhatsApp inayowekwa huko. Kumbuka tu kwamba nafasi ya bure ni GB 15, inagawanywa kati ya barua pepe, picha na nyaraka, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp nazo zinahesabiwa humo. Ikijaa, nakala inaacha kufanyika. Wajukuu waangalie tarehe ya nakala ya mwisho, wasiridhike kwa kuona tu kwamba imewashwa.

Yote hayo yakishafanyika, ichukue simu ya mjukuu, si yako, na uzime intaneti kabisa ili tujue kwamba sauti inatoka ndani ya simu yenyewe. Mwambie aifungue ile nakala, nawe usikilize sekunde zote 41, kutoka pale anapokuita mpaka pale honi ya treni inapomkatiza, kama ipo. Ukisikia imetimia yote kama unavyoijua, hapo mruhusu fundi aanze kazi.